Pilipili ya kijani, nyekundu au kavu: ipi itiwe kwenye chakula kipi?

Pilipili za mche mmoja zinaweza kufika jikoni katika hali tatu: ya kijani iliyopevuka, nyekundu iliyoiva, na kavu. Anayesita kati ya hizo mara nyingi hujiuliza jambo moja tu, ipi inawasha zaidi, na kwa kuwa wekundu unafanana na moto hudhani jibu analo. Ndiyo maana watu hutia za kijani kwa wingi wakiamini ni pole, wakashindwa kula walichopika, au hutengeneza sosi ya pilipili ambayo inawasha vizuri lakini haina harufu. Ukali na kuiva haviendi pamoja. Ukali hutangulia, ladha hufuata nyuma.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa, kwa sababu kinatenganisha tunda changa, pevu na bivu. Pilipili changa bado inakua. Ni laini, mbegu zake nyeupe zinapondeka kwa ukucha, na inawasha kidogo tu. Haina ukali wa maana wala utamu, basi tuiache. Pilipili pevu imefikia ukubwa wake wa mwisho, ganda limekaza na linang'aa, ukiivunja inatoa mlio, na mbegu zimekuwa ngumu. Kapsaisini, ambayo ndiyo inayowasha, katika aina nyingi huanza kujikusanya kama siku 20 baada ya ua kutunga, na hufikia kilele kati ya siku ya 40 na ya 50 hivi, wakati tunda limepevuka na linakaribia kugeuka rangi. Baada ya hapo ukali hubaki ulipo au hupungua kidogo, maana vimeng'enya vya tunda lenyewe huanza kuivunja kapsaisini. Kinachoendelea kubadilika ni sukari, harufu, rangi na ganda.

Kwa hiyo swali la kuchagua ni hili: unataka ladha gani? Ukali una namna zake nyingine za kuurekebisha, na tutaziona.

Vitu vya kupima

Tutazitazama hali zote tatu kwa vigezo vile vile: ladha na harufu, jinsi ukali unavyofika mdomoni, tabia yake kwenye moto, utunzaji, na mahali inapoharibika mikononi mwa mpishi. Halafu tuseme inamfaa nani.

Ulinganisho huu ni wa aina moja ya pilipili katika hali tatu. Ukilinganisha aina tofauti, tofauti ya ukali ni kubwa kuliko kuiva kunakoweza kuleta. Kwa kipimo alichokianzisha mfamasia wa Marekani Wilbur Scoville mwaka 1912, pilipili hoho ile kubwa ya mboga ina 0, jalapeno iko kati ya 2,500 na 8,000, kayeni kati ya 30,000 na 50,000, pilipili kichaa huanzia kama 50,000 hadi 100,000, na habanero, ndugu wa pilipili mbuzi, kati ya 100,000 na 350,000. Kama shida yako ni ukali peke yake, badilisha aina. Kubadilisha rangi hakutakufikisha mbali.

Ukali unakaa wapi

Chukua pilipili moja uipasue kwa urefu, kutoka kwenye kikonyo hadi nchani. Utaona mbegu zimeshikamana na utando mweupe unaoshuka kama mbavu. Kapsaisini hutengenezwa kwenye utando huo. Mbegu hazitengenezi kitu. Zinawasha kwa sababu zimegusana nao. Geuza nusu moja kwenye mwanga: kwenye pilipili kali utando huwa na umanjano na unyevunyevu wa mafuta, na kwenye pilipili pole huwa mweupe mkavu.

Sasa kata kipande chembamba karibu na kikonyo na kingine nchani, uviguse kwa ncha ya ulimi. Cha nchani kitakuwa pole zaidi, kwa sababu utando haufiki kule kwa wingi. Ndiyo maana anayeonja ncha peke yake kisha akatia pilipili nzima hudanganyika. Onja upande wa kikonyo, na usubiri dakika nzima kabla ya kuamua, kwa kuwa ukali wa aina nyingine huchelewa kupanda. Pia onja zaidi ya moja. Hata kwenye mche mmoja pilipili hazilingani, na mche uliokosa maji wakati wa kuzaa mara nyingi hutoa pilipili kali zaidi.

Ukishajua hili, ukali unaupanga kwa kisu. Kwangua utando wote na mbegu kwa ncha ya kijiko cha chai, na sehemu kubwa ya ukali itaondoka, iwe pilipili ni ya kijani au nyekundu. Vaa glavu. Ukikosa glavu, paka mikono mafuta ya kupikia kabla ya kuanza, kisha uoshe kwa sabuni mara mbili. Maji matupu hayaondoi kapsaisini kwa sababu inayeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji.

Ya kijani, iliyopevuka

*Ladha na harufu.* Ina harufu ya majani mabichi, ile ile unayoisikia ukikata pilipili hoho ya kijani. Inatokana na kundi la kemikali zinazoitwa pirazini, ambazo hupungua tunda linapoiva. Sukari ni kidogo, na kuna uchungu kwa mbali. Uchungu huo si kasoro. Kwenye chakula chenye mafuta mengi, au kitamu kama mahindi na karoti, unakata utamu na kufanya mdomo utake tonge jingine.

*Ukali.* Hufika haraka na unahisiwa kama mchomo, kwa kuwa hakuna utamu wa kuupokea. Ndiyo sababu watu wawili wakila pilipili zenye kapsaisini sawa, aliyekula ya kijani anaweza kuapa kwamba yake ndiyo kali zaidi.

*Kwenye moto.* Faida yake kubwa ni kukazana. Ukaange kwa haraka vipande vya pilipili ya kijani, vitabaki na mkatiko. Lakini rangi yake ni dhaifu: joto la muda mrefu, hasa penye nyanya, siki au ndimu, huugeuza ukijani kuwa rangi ya kahawia iliyofifia. Itie dakika 5 za mwisho, na ndimu uikamulie baada ya kuepua.

*Utunzaji.* Katika hali mbichi, ndiyo inayodumu zaidi. Ikiwa haina maji kwenye ganda, haijaoshwa, ndani ya mfuko wa karatasi kwenye sehemu ya friji isiyo na baridi kali, hukaa hadi wiki mbili au zaidi. Baridi iliyo chini ya nyuzi 7 kwa siku nyingi huiletea mabonde kwenye ganda na kuzitia mbegu ukahawia.

*Inapoharibika.* Kosa la kwanza ni kuinunua ikiwa changa. Kosa la pili ni kuingoja iive mezani. Iliyochumwa kijani kabisa mara nyingi hunyauka kabla haijaiva. Iliyokwisha kuanza kugeuka, hata theluthi moja tu ya ganda, humalizia rangi yake kwa siku chache kwenye joto la kawaida la chumba, ingawa utamu wake haufikii wa ile iliyoivia mtini. Kosa la tatu linawahusu wanaoitia kwenye siki ikiwa nzima bila kuitoboa: siki haiingii ndani, pilipili inaelea, na baada ya siku chache inalegea. Itoboe mara mbili kwa ncha ya kisu, au ikate pete. Kwa gramu 250 za pete, chemsha kikombe 1 cha siki yenye asidi asilimia 5, kikombe 1 cha maji na gramu 15 za chumvi, umimine vikiwa vya moto, funika, na uweke kwenye friji ikishapoa. Kesho yake inaliwa.

*Inamfaa nani.* Anayetaka ubichi na mkatiko: saladi za nyanya na vitunguu, pilipili za siki, mboga za kukaanga haraka, mayai, na sosi za kijani za majani ya giligilani.

Nyekundu, iliyoiva

Nyekundu ni jina la mkato tu. Kuna zinazoiva zikawa za manjano, za rangi ya chungwa, au za kahawia, na nyingine hupitia zambarau kwanza. Jua rangi ya mwisho ya aina uliyonayo kabla hujasema haijaiva.

*Ladha na harufu.* Hapa ndipo kuiva kunapolipa. Sukari imepanda, ule ubichi umeondoka, na mahali pake pamekuja harufu ya matunda. Tofauti hii haiko sawa kwa aina zote. Kwenye jalapeno au kayeni ni tofauti ya utamu. Kwenye pilipili mbuzi na habanero ni kama viungo viwili visivyojuana: ikiwa kijani ina ukali wote lakini harufu ni ya nyasi, ikiiva jiko zima linanukia tunda, karibu na aprikoti, tunda la jamii ya pichi, au chungwa lililoiva. Kuchuma pilipili mbuzi ikiwa kijani ni kuitupa sehemu yake bora, na hapo sitasita kusema hivyo.

*Ukali.* Kapsaisini ni ile ile au pungufu kidogo, ila utamu unaipokea, na ukali unapanda taratibu na kuenea mdomo mzima. Mtu hula zaidi kabla ya kushtuka. Kwa wageni usiojua wanastahimili kiasi gani, jambo hilo ni la kuangalia.

*Kwenye moto.* Rangi yake nyekundu huyeyuka kwenye mafuta na haiogopi moto wa wastani. Ikaange pole pole na kitunguu, na mafuta yote yatakuwa mekundu. Ganda ni gumu zaidi kuliko la kijani na halisagiki vizuri. Usipolichuja utaona vipande vyembamba vilivyojiviringa kwenye mchuzi kama karatasi. Ama ibabue kwenye moto wa wazi hadi ganda liwe jeusi, uifunike kwenye bakuli dakika 10, kisha ulimenye, au usage halafu upitishe kwenye chujio. Na kwa kuwa ina sukari, inashika chini ya sufuria upesi. Usiiache.

Kuna njia ya kupata harufu bila ukali mwingi: pilipili nzima, yenye kikonyo chake, isiyo na mpasuko, inaelea juu ya mchuzi unaochemka polepole, kisha inatolewa kabla ya kupakua. Mbivu ndiyo inayotoa harufu nzuri, lakini ndiyo pia inayopasuka kwa urahisi. Koroga pembeni mwake, usiipitishie mwiko. Ikipasuka, mchuzi wote umekuwa mkali na hakuna kurudi nyuma.

*Utunzaji.* Wiki moja kwenye friji, kisha hulainika na kuota ukungu kwenye kikonyo. Kwa friza inakaa miezi mingi bila kupoteza ukali wala harufu ya maana; inapoteza mkatiko tu, ambao kwenye sosi hauna kazi. Kuichachua pia kunaifaa sana kwa sababu sukari yake ni chakula cha bakteria wanaotoa asidi: gramu 500 zilizosagwa na gramu 12 hadi 15 za chumvi, kwenye chupa safi, zikiwa zimegandamizwa zisiguse hewa, kwa siku 7 hadi 10 penye nyuzi 20 hadi 25. Fungua kifuniko kila siku gesi itoke. Utando mwembamba mweupe juu unaondolewa kwa kijiko. Ukungu wenye manyoya au rangi, tupa yote.

*Inapoharibika.* Mara nyingi ni kwenye mafuta. Watu husaga pilipili mbichi, huifunika kwa mafuta, na kuiacha kabatini. Mafuta yanazuia hewa, na bakteria wa sumu ya botulini hupenda mahali penye unyevu pasipo hewa wala asidi. Ikiwa mbichi ndani ya mafuta bila siki, iwe kwenye friji na imalizwe ndani ya siku 4.

*Inamfaa nani.* Anayetengeneza sosi, mwenye kupika samaki au nyama kwa nyanya, na anayetaka rangi. Inamfaa pia anayejali lishe: vitamini C ni nyingi zaidi kwenye iliyoiva kuliko ya kijani. Ni kutoka kwenye pilipili nyekundu za Szeged, Hungaria, ambako Albert Szent-Györgyi, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1937, alipata vitamini hiyo kwa wingi.

Kavu

*Ladha na harufu.* Usiidhanie kuwa pilipili mbivu iliyopungukiwa na maji tu. Harufu za matunda zinazoruka kwa urahisi zimekwenda, na badala yake kuna ladha nzito ya zabibu kavu, ngozi, au tumbaku, na ya moshi kama ilikaushwa motoni. Iliyokaushwa ikiwa mbivu hubaki nyekundu iliyokolea. Iliyokaushwa ikiwa kijani huwa na rangi ya nyasi zilizokufa na ladha yake haina kina.

*Ukali.* Pilipili mbichi ni maji kwa karibu asilimia 88. Kilo moja ikikauka hadi unyevu wa asilimia 10 hivi, hubaki gramu 130 hadi 200, kutegemea unene wa nyama. Ukali haukuongezeka, umebanwa mahali padogo. Ikiwa ya unga huwasha mara moja, mdomo mzima, kwa sababu kila chembe imeachia kapsaisini yake.

*Kwenye moto.* Ndiyo inayostahimili mapishi marefu: maharage, supu za mifupa, nyama ya saa mbili. Iamshe kwanza kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, sekunde 20 hadi 30 kila upande, hadi inukie na kulainika. Ukiona doa jeusi umechelewa. Uchungu wake hautafichwa na chochote, na moshi wake utawapalia wote waliomo ndani. Kisha iroweke kwenye maji ya moto yasiyochemka dakika 20 hadi 30. Onja maji hayo: yakiwa matamu yatie chunguni, yakiwa machungu yamwage. Unga wa pilipili usitiwe kwenye mafuta yanayofuka moshi; utie kitunguu kikiwa kimeshalainika na nyanya iko karibu mkononi.

*Utunzaji.* Nzima, kwenye chupa iliyofungwa na mbali na mwanga, hukaa mwaka. Ya unga hupoteza harufu ndani ya miezi michache, na rangi ikififia kuwa ya matofali ya zamani ujue imebaki kuwasha tu. Saga kidogo kidogo. Ukimaliza kusaga, usifungue kifuniko kwa dakika 10 ili vumbi litue.

*Inapoharibika.* Kwenye kukausha kwenyewe. Zenye nyama nyembamba kama kayeni na pilipili kichaa hukauka nzima. Zenye nyama nene kama jalapeno huoza ndani kabla ganda halijakauka. Lazima zipasuliwe, na ni salama zaidi kutumia oveni au kikaushio kwenye nyuzi 60 hivi kuliko jua la kubahatisha. Ukitikisa iliyokauka, mbegu zinasikika. Ikipinda kama ngozi bado ina unyevu. Na ukikuta ukungu ndani, hata kidogo, usiisage ukidhani moto utausafisha: ukungu unaweza kuacha sumu ya aflatoksini, na joto la kupikia haliimalizi.

*Inamfaa nani.* Mwenye kupika polepole, anayechanganya viungo vyake mwenyewe, na yeyote ambaye hapati pilipili mbichi mwaka mzima.

Kubadilisha moja kwa nyingine

Kijiko 1 cha chai cha unga wa pilipili kina uzito wa gramu 2 hivi, na hiyo ni sawa na gramu 15 za pilipili mbichi ya aina ile ile. Anza na nusu, pika dakika 10, onja, ndipo uongeze. Mbichi ya kijani na nyekundu zinabadilishana uzito kwa uzito kwa upande wa ukali. Kwa ladha, ukitia ya kijani mahali pa nyekundu ongeza chembe ya sukari, na ukitia nyekundu mahali pa kijani ongeza ndimu.

Onja chakula kikiwa vuguvugu pia. Kapsaisini hushika kipokezi kile kile cha neva kinachohisi joto la kuanzia nyuzi 43 hivi, kazi iliyomletea David Julius Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na ndiyo maana mchuzi unaofuka mvuke unawasha kuliko ule ule ukipoa.

Kulingana na hali yako

Kama chakula hakipikwi au kinapikwa chini ya dakika 10, chukua ya kijani pevu, au mbivu iliyotolewa utando ikiwa unataka utamu. Kama unatengeneza sosi ya kuweka, subiri ziive zote. Zilizogeuka nusu zitenge kwanza, maana ukizisaga pamoja na nyekundu utapata rangi ya tope. Kama sufuria itakaa motoni zaidi ya saa moja, kavu ndiyo itakayobaki na ladha mwishoni, na unaweza kumalizia kwa vipande vichache vya mbichi unapoepua.

Unawapikia watoto au watu wa tumbo jepesi? Chukua mbivu ya aina pole na uondoe utando wote. Ya kijani itawachoma upesi zaidi hata ikiwa na ukali uleule. Una pilipili nyingi kwa wakati mmoja: nene zitie siki zikiwa kijani au friza zikiiva, nyembamba zikaushe.

Na kama chakula kimeshazidi ukali, usiongeze maji, yataueneza tu. Ongeza kitu chenye mafuta, tui zito la nazi au maziwa ya mgando, kisha ndimu na sukari kidogo. Chungu kikiwa hakisemezeki, pika nusu nyingine ya chakula hicho bila pilipili kabisa, uchanganye. Aliyeungua mdomo mpe maziwa baridi. Protini yake huibeba kapsaisini na kuiondoa ulimini.